Ukuta wa Sentimita Kumi

Jumatatu, 8 Januari

Leo nimefua sare yangu mara ya pili na bado inanuka. Si damu wala dawa, hizo nimezizoea. Ni ule uvundo mtamumtamu wa chumba cha maiti, unaoingia kwenye uzi wa nguo ukakaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Wodi yangu ya wanaume imepakana na mochwari. Katikati kuna uwanja mdogo wa kuanikia mashuka. Upepo ukigeuka, wagonjwa wanaziba pua. Leo mzee mmoja aliyevunjika mguu kaniuliza, "Sista, hapo nyuma leo mnapika nini?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Na chumba chenyewe ni kipya! Mume wangu ndiye aliyekichora na kukijenga. Hospitali nzima inamwita Injinia, hata wafagizi. Siku ya ufunguzi, wakati wa baridi, mama mkwe alikuja kavaa nguo mpya, akawa anawaambia watu asiowajua, "Mwanangu huyo. Kajenga chumba kinachogandisha hata mawazo."

Jioni nimemweleza mume wangu habari ya harufu. Hakuinua macho kwenye sahani. "Muulize yule mzee wenu wa mochwari, mlango huwa anaufunga lini?"

Alhamisi, 11 Januari

Joto. Mashuka yanakauka kabla hayajamaliza kuanikwa.

Jumatatu, 15 Januari

Nimeenda kuuliza, kama nilivyoambiwa. Mhudumu wa mochwari tunamwita Kimya kwa sababu ukimsalimia anakutazama kwanza kama anapima urefu wako. Simpendi. Ana ukucha mrefu wa kidole kidogo, wa kuchotea tumbaku ya kunusa. Akishanusa, anapenga kwa vidole na kujifuta kwenye ukuta. Anakula karanga akiwa kazini, maganda chini. Mtu anakulaje karanga mahali pale?

"Mzee, mlango," nikamwambia.

"Nimefunga."

"Mbona pananuka?"

"Hapa hapajawahi kuuzwa marashi, Sista."

Nimerudi wodini nimekunja uso mpaka wagonjwa wakaogopa kuniita. Mume wangu ana haki. Mtu mchafu kama yule hawezi kutunza kitu kisafi.

Jumamosi, 20 Januari

Leo nimemvizia. Dirisha la chumba changu cha dawa linatazama mlango wake, basi kila nilipopata nafasi nikachungulia. Kafungua mlango mwili ulipoletwa. Akaingia, akatoka, akausukuma kwa bega hadi ukalia, kisha akaupiga teke kuhakikisha. Ulipoletwa mwingine, vilevile. Asubuhi nzima sikumkuta na mlango wazi hata kidogo.

Niandike ukweli: niliudhika. Nilitaka awe na kosa.

Jumanne, 23 Januari

Fundi wa mitambo ya baridi kaja. Kafungua mashine, kasafisha, kapima, kafunga. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kitambaa puani, nikisubiri aseme gesi imeisha. Gesi ikiisha huongezwa, mambo yakaisha.

"Mashine haiumwi, Sista. Inafanya kazi bila kupumzika. Tatizo ni kwamba ndani hapashuki chini ya digrii kumi na tano, na jua likipanda hata hapo panapita."

"Panatakiwa ngapi?"

"Nne." Akanishika kifundo cha mkono kama mtoto, akanipeleka nyuma ya jengo. "Weka kiganja hapa."

Jua lilikuwa la kuchoma, lakini ukuta ulikuwa wa baridi na umelowa. Rangi imevimba malengelenge. Nilipotoa mkono, kiganja kilikuwa na ute wa kijani, nikaupangusa kwenye majani.

"Ukuta mzuri huku nje ungekuwa mkavu na wenye joto kama ukuta mwingine wowote," akasema. "Huu unalipitisha joto ndani. Umejazwa nini, na kwa unene gani, mimi sijui. Anajua aliyejenga."

Hakujua kwamba aliyejenga ni mume wangu. Nami sikumwambia. Nilimshukuru tu, nikaenda kunawa.

Jumatano, 31 Januari

Nimemuuliza mume wangu mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza alikuwa amechoka, ya pili ana simu, ya tatu kichwa kinamgonga. Wagonjwa wawili wamejiandikia ruhusa wenyewe wakaenda nyumbani. "Bora nife kwa mguu kuliko kwa pua," mmoja kasema.

Jumamosi, 3 Februari

Watoto walikwenda kwa bibi yao, basi nikamkalia mume wangu mbele. Chakula cha mchana kilikuwa mezani, sikumpakulia.

"Ukuta una nini ndani?"

Akavuta glasi ya maji katikati ya meza, akaanza kunieleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake wa mazoezi. Nilisikia mengi ambayo sikuyajua katika ndoa hii. Alisema kila kitu hupitisha joto: chuma sana, mbao kidogo, na yale mabao mepesi meupe ya povu ya kujazia kuta za vyumba vya baridi, kidogo kabisa. Hupimwa, hupewa namba. Namba ikiwa ndogo, ubao ni mzuri, na ukuta unaweza kuwa mwembamba.

"Mabao yetu yalitoka nje ya nchi. Namba yake ilikuwa sifuri nukta sifuri mbili. Nikaona nzuri ajabu. Nikapiga hesabu, ikanipa ukuta wa sentimita kumi."

"Sasa?"

"Namba ile ilikuwa ya vipimo vya kizamani. Futi, inchi, Farenhaiti. Mimi nilipiga hesabu kwa mita na Selsiasi. Lazima kwanza uzidishe kwa moja nukta saba tatu. Ukizidisha, si sifuri nukta sifuri mbili tena, ni kama sifuri nukta sifuri tatu tano. Ubao wa kawaida tu. Ukuta ulitakiwa uwe sentimita kumi na saba na kitu. Na mashine niliichagua kwa hesabu ileile, kwa hiyo nayo ni ndogo."

"Umejua lini?"

"Joto lilipoanza."

Yaani alijua siku ile aliponiambia nimuulize mzee habari ya mlango. Nilitaka kusema hilo, lakini macho yake yalikuwa yamejaa maji. Mume wangu si mtu wa kulia. Nikamwonea huruma. Kuzidisha ni kitu ambacho mtu yeyote anaweza kusahau. Mimi mwenyewe nimewahi kusoma mililita nikaona kijiko. Nikampakulia.

"Jumatatu nenda kwa Katibu wa hospitali umwambie," nikasema.

"Nitaenda."

Jumatatu, 5 Februari

Kaenda. Karudi amechangamka kama mtu aliyeng'olewa jino.

"Umemwambia?"

"Tumeongea vizuri sana. Litarekebishwa."

Nimelala mchana usingizi wa mtoto.

Ijumaa, 9 Februari

Nina kinyaa mpaka kalamu naiona chafu.

Leo asubuhi Katibu wa hospitali aliita kikao cha wakuu wa idara. Katibu ni mtu wa leso. Anainyunyizia manukato na kuitembeza chini ya pua akisema maneno makubwa. Mume wangu alikuwepo, kakaa upande wake wa kulia, katia tai. Nikajua ndipo atakaposema. Nikakaa wima, moyo unadunda kwa fahari. Ndiyo, fahari! Nilikuwa nimeshaandaa uso wa mke wa mtu mkweli.

Katibu akasoma: uchunguzi umefanywa na mtaalamu, imebainika kwamba chumba hakina kasoro ya ujenzi, na kwamba kupanda kwa joto kumesababishwa na uzembe wa mhudumu wa kuacha mlango wazi. Mhudumu amesimamishwa kazi kuanzia leo.

Mume wangu alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikitika.

Kimya alikuwa kasimama karibu na mlango, hakupewa kiti. Alitutazama mmoja mmoja. Aliponifikia mimi nikainamia viatu vyangu. Mimi, niliyemvizia asubuhi nzima nikaona kwa macho yangu jinsi anavyoupiga teke ule mlango ufunge! Mke wa Injinia atasemaje? Ndivyo nilivyofikiri, na kikao kikaisha tukanyweshwa soda.

Ile soda niliitapika nyuma ya stoo.

Jumamosi, 10 Februari

"Umempa mzee wa watu kosa lako," nimemwambia mume wangu.

Alikuwa anakula kuku. "Sikutaja jina la mtu. Katibu ndiye aliyesema milango ya kule hainaga mwenyewe, mimi nikanyamaza."

"Ukanyamaza."

"Mama watoto, fikiria. Nikisema ukweli, kampuni yetu haipati kazi tena. Jina langu limekwisha. Mzee yule amebakiza muda kidogo astaafu. Ana nini cha kupoteza?"

Nilimtazama akitafuna. Mafuta yalikuwa yanang'aa kwenye kidevu chake. Akaing'ata ncha ya mfupa, akaufyonza, akautoa mweupe. Nimekula na mtu huyu tangu nikiwa msichana, na leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia jinsi anavyofyonza.

Jumatano, 14 Februari

Funguo za mochwari kapewa mlinzi wa getini. Anaingia mbio, anatoka mbio. Harufu imezidi. Imethibitika basi: mlango umefungwa, na "mzembe" hayupo.

Jumatatu, 19 Februari

Mwanamke mmoja alikuja kumchukua mumewe. Mumewe alifia wodini kwangu wiki iliyopita, mtu mpole, seremala, aliyekuwa akinirekebishia meza ya dawa kwa mkono mmoja, mwingine una dripu. Mwanamke alikuwa akisubiri watoto wafike kutoka mbali. Wakafika leo, wamevaa vizuri, wakubwa kwa wadogo.

Mlinzi alinikimbilia. "Sista, njoo. Wanataka kumuona uso."

Niliingia mwenyewe kwanza. Sitaandika nilichokiona. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimefunga vidonda vyenye funza, na nasema sitaandika. Nilimfunika, nikaongeza shuka la pili na la tatu, nikatoka.

"Mama, tumchukue hivyohivyo," nikamwambia.

"Nimuone kidogo tu. Sikuwepo alipokata roho."

"Mama, nakuomba."

Akanishika mikono. Mikono yake ilikuwa mikavu, ya kazi. "Amefanywa nini, mwanangu? Aliondoka nyumbani mzima wa uso. Aliumwa kifua, hakuumwa uso."

Mtoto wake mkubwa akamvuta pembeni, maana harufu ilikuwa imeshamjibu. Mwanamke akageuka akatazama ule mlango mpya unaong'aa, akatema mate chini. Hakunitemea mimi, ila niliona kama yamenipata.

Akamchukua mumewe bila kumuona.

Jumanne, 20 Februari

Nimekwenda kwa Katibu. Nimemwambia yote: namba, futi, mita, kuzidisha, ukuta mwembamba. Alisikiliza huku leso inazunguka.

"Sista, tusichafue hewa," akasema.

"Hewa imeshachafuka, mheshimiwa. Fungua dirisha."

"Aliyesaini kwamba chumba hakina kasoro ni mumeo. Unasema mumeo ni mwongo?"

"Nasema ukuta ni mwembamba."

"Basi aje yeye aseme." Akatabasamu. "Na ofisi hii ndiyo iliyolipokea jengo, usisahau. Mambo ya ndani ya nyumba zenu myamalize ndani."

Nikaelewa. Siku ile mume wangu hakwenda kuungama na kunyamazishwa. Walikaa wawili, kila mmoja akakuna mgongo wa mwenzake, na Kimya akawa mti wa kujikunia.

Alhamisi, 22 Februari

Nimehamia chumba cha watoto. Nimesema mgongo unauma.

Jumanne, 27 Februari

Baba mkwe kaletwa hospitali. Upande mmoja wa mwili umepooza, na ulimi mzito. Nimempa kitanda kilicho mbali na dirisha la nyuma. Mume wangu anamlisha uji kwa kijiko, anampangusa kidevu, anamwimbia nyimbo za utotoni kwa sauti ya chini akidhani sisikii. Ningependa kumchukia kikamilifu, lakini mtu huyu hanipi hata nafasi hiyo.

Ijumaa, 2 Machi

Baba mkwe amefariki leo kabla ya adhuhuri. Nilimfumba macho mimi.

Tulikuwa ukumbini nje ya wodi: mama mkwe kwenye benchi, shemeji yangu mdogo, mume wangu, na mimi. Mabinti wawili wa marehemu wako safarini, watafika Jumapili. Shemeji akasema jambo ambalo yeyote angelisema: "Basi tumshushe hapo nyuma, mpaka dada wafike."

"Hapana," mume wangu akasema. Alisema haraka mno. "Si hapa. Tumpeleke ile hospitali ya mjini."

Mama mkwe akainua kichwa. "Mjini kwa nini, na jua hili? Si wewe uliyejenga hapa?"

"Mama, hapa joto limezidi."

"Joto? Kwenye chumba cha baridi?"

Mume wangu akaangalia ukuta. Shemeji akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, lakini nikayabana. Nilisema moja tu: "Mweleze mama."

Akaeleza. Alianza na yale mabao kutoka nje, na vipimo vya futi, na sauti ikawa inakatika. Mama mkwe hajasoma mambo hayo, akamkatiza.

"Ulikosea?"

"Nilikosea."

"Ukajua?"

"Nikajua."

"Wamesema ni yule mzee wa mlango. Nilisikia watu wakimcheka sokoni."

Mume wangu akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Na hao waliomo humo ndani sasa hivi," mama mkwe akasema, "wao hawana mama?"

Mgonjwa mmoja alikuwa anakohoa ndani, tukamsikiliza hadi akamaliza.

Mama mkwe akasimama, akajifunga nguo kiunoni. "Baba yako atalala hapo ulipowalaza wenzake. Nenda kamtafute yule mzee aje amshughulikie. Kwa mkono wa mwingine sitaki. Na barafu utaleta wewe, mgongoni kwako."

"Mama..."

"Nimemaliza."

Mume wangu alikwenda hadi nyumbani kwa Kimya, na shemeji akiwa shahidi. Shemeji kanisimulia. Kimya alikuwa anapepeta karanga uani. Akasikiliza yote, hakuacha kupepeta. Mwishowe akasema, "Nimesimamishwa. Nikikanyaga pale nitaitwa mwizi. Leta karatasi ya kusema mimi si mzembe, nami nitakuja."

Ndipo mume wangu alipokwenda kwa Katibu, machozi hayajamkauka, akaandika karatasi mbele yake kwamba kosa ni lake. Katibu alikataa kuipokea. Shemeji, ambaye ana mwili mkubwa, akaegemea mlango akasema hawana haraka. Ikapokelewa.

Jumamosi, 3 Machi

Barafu inatoka kiwandani kwa mapande makubwa. Mume wangu ameyabeba tangu asubuhi, gunia begani, maji yanamchuruzika mgongoni. Si kwa baba yake peke yake: Kimya kamwamuru aweke kwa kila mmoja, na uso wa kila mmoja aujue. Akatoka akatapika kwenye maua.

"Injinia, tapika upande ule," Kimya akamwambia. "Huku ndiko napita."

Kisha wakarudi ndani kumwosha baba mkwe. Nilichungulia. Ule ukucha niliouchukia ulikuwa umekatwa, sijui lini. Kimya alimwinua marehemu kichwa kama mtu anavyomwinua mtoto usingizini, akamwambia mume wangu, "Shika miguu. Usiburuze." Nilifunga dirisha, nikakaa chini kwenye sanduku la dawa, nikalia. Sikulia kwa msiba tu.

Jumapili, 4 Machi

Mabinti wamefika. Wamemuona baba yao uso. Tumemzika.

Jumatatu, 12 Machi

Katibu amehamishwa. Wanasema ni kupandishwa cheo. Uvundo mwingine huo, lakini huo haunifikii.

Nilikwenda kwa Kimya kumwomba radhi kwa siku ile ya kikao. Nilisema niliona anavyofunga mlango, nikanyamaza.

"Nilikuona dirishani," akasema. "Nilikuwa nafunga kwa kishindo ili uone."

Akaendelea kupanga mashuka. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza.

Jumanne, 20 Machi

Mvua imeanza. Chumba kimetolewa kila kitu, na mafundi wanabandua kuta. Yale mabao ya kwanza yametoka yameloa, meusi ya ukungu, yamerundikwa uwanjani. Kampuni inarudia kwa hasara yake. Mume wangu amefukuzwa kwenye kazi nyingine mbili, na mtaani hakuna anayemwita Injinia.

Leo alasiri alikuja wodini, kasimama mlangoni kama ndugu wa mgonjwa. Alikuwa na karatasi.

"Nisaidie kukagua," akasema. "Sitaki kuwa peke yangu safari hii."

Nilikaa naye kwenye meza ya dawa. Sifuri nukta sifuri mbili, mara moja nukta saba tatu. Nikazidisha kwa mkono wangu, polepole, kama ninavyohesabu matone ya dripu. Nikaigeuza, nikaigawanya, nikairudisha ilikotoka. Nikakagua unene: tabaka la pili juu ya la kwanza, sentimita kumi na nane jumla. Alikuwa ananitazama usoni wakati wote, si kwenye karatasi.

"Iko sawa?"

"Hesabu iko sawa," nikamwambia.

Akasubiri nimwambie na lingine. Mgonjwa wa kitanda cha mwisho akaniita, nikaenda.